Mimi wa Asubuhi na Mimi wa Jioni

Wiki tatu kabla ya kuondoka nilimwonyesha mama ramani kwenye simu: mstari wa buluu unaokata nchi tatu, kilomita elfu nne na ushei kwenda na kurudi, mimi na pikipiki yangu, basi. Nilikuwa nimejipanga kujibu maswali ya malori, mvua na majambazi. Hakuuliza hata moja. Aliitazama pikipiki iliyoegeshwa nje, akanitazama na mimi kuanzia kichwani hadi miguuni kama fundi anayepima kitambaa, kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Sasa ikilala huko barabarani na wewe uko peke yako, nani atakusaidia kuiinua?"

Nikacheka. Nikamwambia watu wapo kila mahali.

"Watu wapo," akasema, "ila siku hiyo hawatakuwepo." Akaingia ndani.

Nilikuwa nimetumia miezi kusoma habari za matairi, pampu ndogo za upepo, mahema na taa za ziada. Ningeweza kukueleza tofauti ya aina tano za buti. Lakini sikuwa nimewahi kuilaza pikipiki yangu chini kwa makusudi nione kama naweza kuisimamisha. Jumamosi iliyofuata nikaipakia kila kitu nilichopanga kubeba, nikatandika godoro kuukuu uani, nikaishika usukani na kuilaza taratibu kwa upande wa kushoto. Kisha nikajaribu kuiinua kama ninavyoona watu wakifanya: mikono miwili kwenye usukani, mgongo umepinda, meno yamekazwa. Haikutikisika. Pikipiki yenyewe pamoja na mafuta ni kama kilo 190. Mizigo, nilipoipima baadaye, ilikuwa kilo 43.

Kuna namna yake. Unazima injini na ufunguo, unaweka gia ili gurudumu lisiteleze. Kama imelalia upande wa kulia unafungua kwanza stendi ya pembeni, maana ukishaipandisha kwa nguvu zote inaweza kukupita na kwenda kulala upande wa pili. Unaukunja usukani hadi mwisho, halafu unaipa pikipiki mgongo. Makalio yanagusa ukingo wa kiti, mkono mmoja unashika mpini wa usukani ulio chini, mwingine unashika chuma cha nyuma, magoti yamekunjwa, na unarudi kinyumenyume kwa hatua fupi fupi. Kazi yote ni ya mapaja. Mgongo unaegemea tu.

Hata kwa namna hiyo ilinishinda. Nikafungua mabegi yote, nikajaribu tena, na safari ya tatu ikaja juu. Nilipogeuka nikamwona mama dirishani. Hakusema kitu, ila pazia lilirudi mahali pake polepole sana.

Kabla ya siku ile, kila nilipofungasha nilikuwa najiuliza: je, nitakihitaji? Hilo ni swali bovu, kwa sababu jibu lake ni ndiyo kila mara. Jozi ya pili ya viatu? Ndiyo, vya kwanza vikilowa. Sufuria ya pili? Ndiyo, huwezi kujua. Swali lililonisaidia ni jingine kabisa: hiki nitakifungua na kukifunga mara ngapi nikiwa nimechoka? Maana pikipiki ikilala, mzigo wote unashuka na mzigo wote unapanda tena. Kiti cha kukunja kikabaki nyumbani. Kompyuta ikabaki. Suruali nne zikawa mbili, moja mwilini. Nilipomaliza mzani ulisema kilo 26, na nilichokuja kukikosa njiani katika zile kilo 17 ni kimoja tu, koti zito, ambalo nitalizungumzia.

Kuhusu mahali pa kuweka mzigo, sitasema mengi, lakini hili nalisema kwa sababu naliona kila siku barabarani: watu hurundika vitu nyuma kabisa, juu kabisa, kisha wanashangaa kwa nini usukani unacheza wakishika mwendo. Vizito vinakaa chini na karibu na katikati ya pikipiki. Mzigo uliokaa juu na nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma unalifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi, na gurudumu la mbele ndilo linalokwenda kona na ndilo linalobeba sehemu kubwa ya breki. Juu na nyuma weka nguo na begi la kulalia. Spana ziwe chini, ila mahali unapozifikia bila kushusha kila kitu. Hilo la mwisho mimi nilijifunza kwa aibu.

Na pikipiki yenyewe je? Hapa ndipo watu wanapokwama miaka. Wanangoja kupata ile kubwa, yenye masanduku ya chuma pembeni. Mwaka 1973 mwandishi wa habari wa Kifaransa, Anne-France Dautheville, alizunguka dunia peke yake juu ya Kawasaki ya cc 125. Cc 125! Ndiyo injini ambayo mtu akiiona leo anasema ni ya kwenda dukani. Inayokufaa ni ile unayoijua sauti yake, ambayo spea zake hazingojwi mwezi mzima, na ambayo ukirudi kwenye swali la mama unaweza kuiinua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa limenifanya niandike.

Watu wakisikia "peke yako" wanafikiria upweke, au hatari. Vyote vipo, sikatai. Lakini ugumu wa kusafiri peke yako kwa pikipiki uko pengine, na nilichelewa kuuona. Mkiwa wawili, mmoja akichoka mwenzake humwona. Anaona umechelewa kubadili gia, umeyumba kidogo kwenye kona, umepita kituo cha mafuta mlichokubaliana. Anakuwashia taa, mnasimama. Ukiwa peke yako, yule anayeamua kama umechoka ni yule yule aliyechoka. Ni kama kumpa mlevi ufunguo umuulize kama amelewa. Saa kumi na moja jioni, umebakiza kilomita 80, jua linashuka, atakujibu nini? Atakwambia twende.

Carl Stearns Clancy, Mmarekani, alianza safari ya kuzunguka dunia kwa pikipiki mwaka 1912 akiwa na mwenzake, Walter Storey. Waliondoka Dublin wakiwa wawili. Kufika Paris, Storey akaacha safari. Clancy akaendelea bila yeye kupitia Hispania, kaskazini mwa Afrika, Ceylon (Sri Lanka ya leo) na Japani, akafika New York mwaka 1913. Ninapoifikiria safari ile siwazi barabara za wakati huo, ingawa najua zilikuwa balaa. Nawaza asubuhi ya kwanza baada ya Paris, Clancy anapofunga mizigo na kugundua kwamba kuanzia leo kila "tusimame?" atajiuliza na kujijibu mwenyewe.

Kwa hiyo nikajigawa watu wawili. Yupo mimi wa asubuhi: amelala vizuri, ana akili, haoni haya kuogopa. Na yupo mimi wa jioni: mbishi, macho mekundu, anahesabu kilomita kama anadaiwa. Nikaamua mimi wa asubuhi ndiye atakayetunga sheria, na mimi wa jioni hana ruhusa ya kuzijadili. Nikachukua utepe mweupe, nikaubandika juu ya tangi la mafuta, nikaandika kwa kalamu isiyofutika:

Saa kumi, tafuta pa kulala.
Nusu tangi, jaza.
Giza, hapana.
Ukijiuliza, simama.

Hiyo ya nne ndiyo mama yao. Maana yake ni kwamba nikijikuta najiuliza kama nimechoka, basi nimechoka. Nikijiuliza kama tairi limepungua upepo, nashuka kulitazama. Nikijiuliza kama ile barabara ya kushoto ndiyo yenyewe, nasimama pembeni na kufungua ramani. Swali likishakuja kichwani, kazi ya kulijibu haifanywi nikiwa kwenye mwendo.

Bessie Stringfield, mwanamke Mmarekani mweusi aliyevuka nchi yake mara kadhaa peke yake kwa pikipiki kuanzia miaka ya 1930, inasimuliwa kwamba alikuwa anarusha sarafu juu ya ramani na kwenda pale ilipoangukia. Aliponyimwa chumba kwa sababu ya rangi yake, alilala juu ya pikipiki yake kwenye vituo vya mafuta. Zamani niliisikia hadithi ya sarafu kama ujasiri wa mtu asiyejali. Siku hizi naiona vingine. Kuamua kunachosha, na mtu aliye peke yake anaamua kuanzia alfajiri hadi usiku. Yeye aliikabidhi sarafu swali la wapi. Mimi nimeukabidhi utepe swali la lini.

Siku nne kabla ya kuondoka nilipeleka pikipiki kwa fundi kwa ajili ya ukaguzi wa mwisho. Simtaji, ni mtu mwema na alifanya mengi vizuri: alibadilisha oili, akasafisha plagi, akaweka mafuta mapya ya breki, ambayo watu huyasahau kwa kuwa hayaonekani yakizeeka. Yale ya aina iitwayo DOT 4 yananyonya unyevu hewani, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema, na breki inakuwa laini siku unayoihitaji iwe ngumu. Matairi niliyakagua mwenyewe. Pembeni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 2316 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni jipya. Kweli halijatembea, lakini mpira unazeeka hata ukiwa umening'inizwa ukutani.

Kitu kimoja kilitupita sote wawili. Nitakifikia.

Asubuhi ya kuondoka walikuja watu wengi kuliko nilivyotegemea. Majirani, binamu zangu wawili, rafiki mmoja aliyekuja na kamera. Nilikuwa nimeota mara nyingi namna nitakavyotoka pale langoni: taratibu, mkono mmoja juu, bila kugeuka. Nikavaa helmeti, nikavaa glavu, nikawasha. Nikaminya klachi, nikaweka gia ya kwanza, injini ikazima. Nikawasha tena, gia, ikazima. Moyo ukaanza kwenda mbio. Kilo 26 za mizigo, nchi tatu, na haitoki langoni! Ni mtoto wa jirani aliyenyoosha kidole: "Stendi!" Stendi ya pembeni ilikuwa bado iko chini, na pikipiki yangu, kama nyingi za siku hizi, hukata moto ukiweka gia kabla hujaikunja. Watu walicheka hadi kushikana mabega. Mama hakucheka. Alikuja karibu, akaligonga tangi mara mbili karibu na ule utepe, akasoma kwa sauti, "Ukijiuliza, simama." Kisha akasema, "Haya."

Nikatoka. Nikageuka kutazama, bila shaka. Kila mtu anageuka.

Saa ya kwanza ya safari ndefu ni ya kuzoeana upya. Pikipiki niliyoiendesha miaka mitano ilikuwa mnyama mwingine ikiwa na mzigo: ilichelewa kuinuka kwenye kona, ilihitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na nikipunguza mwendo chini ya ule wa mtu anayetembea ilitaka kuniangusha. Kabla ya kuingia barabara kuu nilitafuta uwanja mtupu, nikafanya mizunguko kumi midogo na breki kumi za ghafla. Inaonekana upuuzi. Lakini hesabu hii huwa naikumbuka: kwa kilomita 90 kwa saa unakwenda mita 25 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, kabla kidole hakijagusa breki, imeshakula mita 25. Na ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kufunga breki hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara nne. Ni vizuri mkono ujue mapema uzito mpya ulivyo, kabla ng'ombe hajaufundisha.

Nilipofika kama kilomita 60, nikaanza kusikia mlio. Mwembamba, kama mbu aliye mbali. Nilikuwa nimevaa vizibo vya masikio, kwa hiyo mwanzoni nilidhani nimeusikia vibaya. (Vaa vizibo. Kelele ya upepo ndani ya helmeti kwenye mwendo wa barabara kuu hupita desibeli 90, na wataalamu wa usikivu wanaanza kuhesabu madhara kuanzia 85. Tena kelele inachosha kabla haijaziba masikio: niliposafiri bila vizibo miaka ya nyuma nilifika nikiwa na hasira na mtu ambaye sikumjua ni nani.) Mlio ukaendelea. Nikajiambia ni lami mpya. Nikajiambia ni upepo kwenye begi. Kisha nikatazama tangi. Ukijiuliza.

Nikasimama chini ya mti. Kila kitu kilionekana sawa. Nikaigusa cheni kwa kidole upande wa chini, ikapanda na kushuka vizuri tu. Nikataka kuondoka. Halafu nikapata wazo la kulalia kiti kwa kifua, nikaikandamiza pikipiki kwa uzito wangu wote, huku mkono mmoja ukishuka kuigusa cheni. Ilikuwa imekazwa kama uzi wa gitaa.

Fundi alikuwa ameirekebisha pikipiki ikiwa tupu. Vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la nyuma vinapanda na kushuka, lakini mhimili vinaozungukia hauko mahali pamoja na sproketi ndogo ya mbele, yaani gurudumu dogo la meno linalovuta cheni. Kwa hiyo mzigo ukiikandamiza pikipiki, umbali kati ya sproketi mbili unaongezeka, hadi pale sproketi ya mbele, mhimili na ekseli ya nyuma vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo cheni inapokazika kuliko popote. Pikipiki nyingi za barabarani hutaka icheze kama milimita 25 hadi 35, kitabu chake kitakwambia, lakini nafasi inayotosha pikipiki tupu inaweza kuisha yote ukiongeza mabegi, mwili wako na shimo moja. Ukiendelea hivyo unaua beringi iliyo nyuma ya sproketi ndogo, au cheni inakatika na kutafuta pa kujizungushia.

Dawa yake ni dakika kumi. Kulegeza nati ya ekseli, kuzungusha skrubu za kurekebishia robo mzunguko kila upande, sawasawa, ukihesabu alama ili gurudumu lisikae upande, kisha kukaza. Mimi ilinichukua dakika 50, kwa sababu spana ya ekseli ilikuwa chini kabisa ya begi la kushoto, chini ya nguo, chini ya hema. Nilitandaza maisha yangu yote ya mwezi mmoja kando ya barabara. Malori yalipita yakipiga honi ya kunisalimia au ya kunicheka, sijui.

Mchana ulikwenda vizuri. Sina cha kusimulia, na hiyo ndiyo sifa ya mchana mzuri. Baada ya saa nane barabara ikaanza kupanda na baridi ikaja. Hapa ndipo lile koti. Hewa ya nyuzi 10, ukiwa umesimama, unaiita baridi ya kawaida. Ukiipita kwa kilomita 90 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaihisi kama nyuzi 4. Na baridi ya pikipiki haiji kama baridi. Inakuja kama uvivu. Vidole vinachelewa, shingo inakazana, mawazo yanakuwa machache. Nilianza kukitazama kibao cha kilomita kila mara. Nilikuwa nimepanga kulala mji fulani, na ulikuwa bado kilomita 100. Saa ilikuwa tisa na nusu.

Saa kumi kasoro dakika chache nilitoka barabarani ili nijisaidie. Palikuwa na kijia cha changarawe kinachoshuka kidogo. Nikapunguza, nikageuza usukani, nikashika breki ya mbele usukani ukiwa umekunjwa, kosa ambalo ningemfokea mwanafunzi wangu kama ningekuwa naye. Gurudumu la mbele likajikunja. Mguu ukatafuta ardhi, ardhi ikawa chini zaidi ya nilivyodhani. Kuna nusu sekunde hivi ambapo unajua kabisa kwamba pikipiki inalala na huwezi kuizuia, na lililo la busara ni kuiacha na kutoa mguu. Nikaiacha. Ikalala upande wa kulia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeketi vibaya.

Kimya. Nikazima ufunguo. Harufu ya petroli kidogo. Nikaangalia huku na huku: barabara tupu pande zote mbili. Mama alikuwa amesema kweli, siku hiyo hawakuwepo.

Nikasema kwa sauti, kama anayemfundisha mtu mwingine: gia. Stendi. Mabegi. Nikafungua stendi ya pembeni upande wa juu. Nikashusha begi la juu na lile la kushoto. La kulia lilikuwa limelaliwa. Nikaukunja usukani, nikaipa mgongo, nikashika, nikakunja magoti. Mara ya kwanza buti ziliteleza kwenye changarawe. Nikachimba vishimo viwili kwa kisigino, nikaweka miguu humo, nikajaribu tena, nikirudi kinyumenyume hatua za inchi mbili mbili, mapaja yakitetemeka, hadi nikausikia ule uzito ukihama kutoka kwangu kwenda kwenye magurudumu, na stendi ikapokea.

Hakuna lililoharibika isipokuwa kioo cha pembeni kilichogeuka kutazama mbingu, na mpini wa breki uliopinda kidogo kuelekea ndani. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Niliketi kando ya pikipiki, nikanywa maji, nikaangalia saa. Saa kumi na robo.

Hapo mimi wa jioni akaanza hotuba. Kilomita 70 tu, alisema. Saa moja. Jua bado lipo. Umeshaanguka, huwezi kuanguka mara mbili siku moja. Ni mzungumzaji mzuri, nakiri. Hoja zake zote zilikuwa na kichwa na miguu. Sikubishana naye. Nilisoma utepe, mstari wa kwanza, nikarudi nyuma kilomita 6 kwenye kijiji nilichokuwa nimekipita bila hata kukitazama, nikauliza nyumba ya wageni.

Usiku nilimpigia mama. Nikamweleza ya stendi, ya cheni, ya baridi. Ya kuanguka nikayaacha kwanza. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Uliinuaje?" Sijui alijuaje. Nikamwambia nilichimba vishimo. Akanyamaza kidogo, akasema hilo la vishimo hakuliona siku ile uani.

Asubuhi ya pili niliamka saa kumi na moja na nusu. Nje kulikuwa na ukungu mdogo na pikipiki ilikuwa imelowa umande. Nilipokuwa nafunga mabegi niligundua nilikuwa nasubiri kitu, nikageuka mara mbili kutazama mlango. Hapakuwa na jirani, wala binamu, wala kamera. Jana nilitoka nyumbani nikisukumwa na macho ya watu. Hata kama ningetaka kubaki, ningebaki vipi mbele ya watu wote wale? Leo, kama ningegeuza kurudi, hakuna ambaye angejua hadi jioni. Barabara ya kushoto ya lango ilirudi nyumbani, ya kulia iliendelea. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema.

Kisha nikapima upepo wa matairi, yakiwa bado ya baridi kama inavyotakiwa. Nikalalia kiti kwa kifua na kuigusa cheni. Nikahamisha spana, nikaziweka juu ya nguo ndani ya begi lile lile. Kona moja ya utepe ilikuwa imebanduka kwa umande, nikaikandamiza kwa kidole gumba hadi ikashika.

Kijana wa nyumba ya wageni alikuja na funguo za lango, bado ana usingizi. Akauliza, "Mko wangapi?"

"Mmoja."

Akafungua lango upande mmoja tu. Nikavaa helmeti, nikaminya klachi, nikatazama chini upande wa kushoto, nikaikunja stendi.